Kabla hujanunua kontrol boksi nyingine

Hapa Tabora ukipeleka Corolla 100 au Carina ya zamani imegoma kuwaka, muda si mrefu ushaambiwa kontrol boksi (ile kompyuta ya enjini) imeungua, agiza Dar. Inaniuma sana kwa kweli, mtu kauza karanga zake Urambo huko ananunua boksi ya mtumba, inafungwa na gari iko vilevile.

Jamani anzeni na taa ya cheki enjini. Weka swichi on usipige stata, taa ikiwaka boksi inapata umeme na iko hai. Isipowaka ndo wengi wanakata tamaa, ila kwenye hizi Toyota boksi ndo inatoa volti 5 kwenda kwenye sensa ya throto (inayosoma unavyokanyaga mafuta) na ya vakyumu (inayosoma mvuto wa hewa ya enjini), sasa sensa moja ikipiga shoti kwa ndani au waya wake ukichubuka ukagusa bodi zile volti 5 zinaanguka na boksi inazima, yani unaona kila kitu kimekufa. Chomoa soketi ya throto uangalie taa, bado? chomoa na ya vakyumu. Taa ikirudi boksi yako nzima kabisa, hangaika na hiyo sensa au waya wake. Isiporudi pima fyuzi ya EFI (mfumo wa kupulizia mafuta), rilei yake, na ethi (waya wa negativu unaofungwa kwenye bodi), maana ukishushaga enjini bolti ya ethi inarudishwa imelegea au haijakwanguliwa kutu.

Taa inawaka ila gari inamisi na inakunywa mafuta? Kwenye boneti kuna kiboksi kimeandikwa DIAGNOSIS, unganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, swichi on, hesabu taa inavyopepesa. Mara mbili, inatulia, mara mbili tena, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. Lakini kodi hiyo (namba ya kosa) inakuja waya ukikatika au ukipiga shoti tu, sensa ikidanganya kidogokidogo taa inakaa kimya, boksi inadhani enjini ya baridi mchana kutwa inamwaga mafuta, plagi nyeusi tii. Hapo pima sensa kwa mita ya ohm, ndo inasema: kwenye nyuzi 20 iwe ohm 2000 mpaka 3000, maji yakifika nyuzi 80 ishuke kwenye 200 mpaka 400.

Boksi kufa zinakufa, sikatai. Kuchomelea bodi betri haijachomolewa, kugeuza nyaya za betri, halafu kapasita za miaka ya 90 zinavuja na kula njia za shaba, ukifungua kuna harufu kama ya samaki kaoza. Fundi redio mwenye mkono mzuri anazibadilisha.

Ikibidi kununua, soma lebo. Za Toyota nyingi zinaanza na 89661, zile namba zinazofuata nazo zifanane na za yako, gari ya gia za oto usipewe ya manyuo.