Bilauri ya Mwisho

Wiki tatu kabla binti yangu hajatimiza miaka 7, alinifuata jikoni na karatasi aliyoichora kwa kalamu za rangi. Mtu mwenye kofia ndefu ya ncha, joho la nyota, na mkononi kijiti kinachotoa cheche.

"Mama, mimi nataka sherehe ya wachawi."

Mama yangu alikuwa ameketi pembeni akichambua mboga. Mikono ikasimama. "Wachawi? Mjukuu wangu, mchawi huwa haalikwi nyumbani kwa watu."

Hakuwa akitania, na sikuweza kumpinga. Mchawi katika lugha yetu ni mtu wa usiku, wa kudhuru, na yule aliyechorwa kwenye karatasi hakuwa na ugomvi na yeyote. Tukakaa watatu kumtafutia jina. Mganga? Huyo ana kazi yake. Mwishowe bibi mwenyewe akakumbuka watu wa mazingaombwe aliowatazama alipokuwa msichana, waliokuwa wakitoa vitambaa mdomoni visivyokwisha. Mwanamazingaombwe, basi. Mtoto alilirudia neno hilo siku mbili nzima hadi ulimi ukalizoea. Nashukuru hatukuipuuza ile nusu saa ya kutafuta neno, kwa sababu baada ya hapo bibi aliingia katika shughuli kwa moyo wake wote: ndiye aliyekata mashuka ya zamani akashona majoho, na ndiye aliyegundisha nyota za karatasi za kung'aa kwenye kofia, moja baada ya nyingine, miwani ikiwa puani.

Mimi nilibaki na vyakula. Nilikuwa nimeamua kila kitu kitatoka katika jiko letu. Kofia za kuliwa zilikuwa koni za aiskrimu: unaijaza koni pipi ndogo, unaifunika kwa biskuti ya mviringo iliyopakwa chokoleti, ikiganda unaigeuza, unaipaka chokoleti nje. Mtoto akiivunja, pipi zinamwagika mezani. Fimbo nilizikunja kwa donge la siagi, unga na sukari, nikazioka, kisha nikapanga kuzichovya ncha kwenye chokoleti.

Chokoleti ndiyo iliyonitesa. Usiku wa kuamkia sherehe niliiyeyusha kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji, na maji yakachemka kwa nguvu kuliko inavyotakiwa. Mvuke ukapanda, matone machache yakaingia ndani. Yalitosha. Ile chokoleti iliyokuwa laini kama mafuta ilijikaza ghafla ikawa tope la chembechembe, mwiko ukasimama wima. Sukari iliyomo hudaka yale maji kidogo na kushikana. Ukitaka kuiokoa, ajabu ni kwamba unaiongezea maji. Nikatia maziwa ya moto, kijiko kimoja kimoja, nikikoroga, hadi ikarudi kuwa mchuzi laini unaong'aa. Mchuzi hauwezi kuganda kwenye koni, kwa hiyo ukaenda katikati ya keki, na kwa maoni yangu keki ile ikawa tamu kuliko nilivyokusudia. Za kofia na fimbo nikayeyusha upya, moto mdogo, bakuli kavu, kila kitu kikavu. Nililala saa nane za usiku.

Lakini kitu ambacho binti yangu alikingoja kuliko keki kilikuwa maji ya kabichi.

Tuliyafanyia mazoezi wiki nzima. Unachukua kabichi ya zambarau, unaikatakata nusu yake, unaichemsha dakika 10 katika lita moja ya maji, unachuja. Yanatoka maji ya rangi ya zambarau iliyokolea. Rangi hiyo inaitwa anthosianini, nayo hubadilika kwa kile inachokutana nacho: ikipata asidi kama ya limau huwa waridi, ikipata soda ya kuokea huelekea buluu, na ukizidisha, kijani. Mtoto aliyaandika yote kwenye daftari lake kwa herufi kubwa, na kila jioni aliniapisha nisimwambie mtu. Tulikubaliana kwamba siku yenyewe tutatumia limau tu. Soda tungeiweka kwa ajili ya chungu, ambacho ukikimiminia siki hufoka povu jingi. Kuna waliotushauri barafu kavu ili tupate moshi, nikakataa: ni baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri, inaunguza ngozi, na mikono ya watoto haitulii. Povu lilitosha.

Walikuja watoto 11. Na mwenye sherehe, wakawa 12. Bibi aliwavalisha majoho mlangoni. Chungu kilifoka, wakapiga kelele, wakataka tena, na tena, mpaka chupa ya siki ikaisha. Kisha nikazipanga bilauri za plastiki mezani, kila moja na maji ya zambarau, nikawaambia hii si ya kunywa, ni dawa ya kutazama.

Binti yangu alizunguka na kikombe cha maji ya limau na kitonesheo. Kila mtoto alipaswa kupata matone 10. Matone yalipoanguka na rangi ya waridi ikashuka kama uzi ndani ya zambarau, chumba kizima kilinyamaza. Sijawahi kuona watoto wa umri huo wakinyamaza kwa pamoja bila kuambiwa. Halafu kila mmoja akataka tone moja la ziada, aone kama itazidi kuwa waridi, naye mwenye sherehe hakuweza kumnyima mtu.

Alipofika kwa wa mwisho, kikombe kilikuwa kikavu.

Alikuwa mvulana mdogo kuliko wote, mdogo wa rafiki yake, aliyeletwa kwa sababu hakukuwa na wa kumwachia. Kofia ilimfunika hadi kwenye nyusi. Alitazama bilauri yake ya zambarau, akatazama za wenzake, na mdomo ukaanza kutetemeka. Nilifungua friji, hakuna limau. Siki, hakuna. Nilikuwa tayari kumchukulia nusu ya bilauri ya mwingine, jambo ambalo mtoto yeyote angeliona ni makombo.

Binti yangu hakuniuliza. Alienda kwenye chungu, akachukua kopo la soda, akarudi. Akachota ncha ya kijiko. "Wewe yako ni tofauti," akamwambia, akaikorogea ndani. Maji yakageuka buluu, buluu ya bahari ya mbali, bilauri moja peke yake katikati ya waridi 11.

Mvulana hakusema neno. Aliishika kwa mikono miwili akaiinua usoni, akatuangalia kupitia ndani yake.

Sasa wote wakaitaka buluu. Niliogopa, kwa kuwa hatukuwahi kutia soda kwenye maji yaliyokwisha kuwekwa limau. Lakini mtoto alikwisha anza kuzunguka na kijiko, na bilauri ya kwanza ikatoa povu lililopanda karibu na ukingo, likashuka na kuacha zambarau ile ya mwanzo. Akaongeza kidogo, ikawa buluu. Bila shaka limau na soda vilikuwa vinapambana mle ndani, kama siki ilivyofanya kwenye chungu. Wala yeye mwenyewe hakulitarajia. Aligeuka kunitazama, macho yamemtoka, kama mtu aliyepewa zawadi na kitu alichodhani anakijua chote, kisha akaenda kwa bilauri ya pili.

Nilimwona akifika mwisho wa meza na kusimama. Bibi alikuwa hapo, kofia ya nyota kichwani, amejimiminia maji ya kabichi kwenye bilauri yake, anangoja zamu.