Thredi zangu zilivyopata majina

Kila seva yetu ilipolemewa nilifungua `top -H`, inayoorodhesha thredi, yaani mikondo inayoendeshwa sambamba ndani ya programu moja, nikaona yale yale: python3, python3, python3, mistari kumi na miwili, mmoja ukila prosesa asilimia 98. Upi sasa?

Ofisi yetu ni chumba kimoja pale Ngara. Programu inapokea taarifa za malipo na kuwatumia wateja wa vifurushi risiti. Thredi zake nilizipa majina tangu mwanzo, kwa `Thread(name=...)`, na kwenye logi, yaani kumbukumbu za programu, yanasomeka vizuri. Kumbe Python inabaki nayo yenyewe, kerneli, kiini cha mfumo wa Linux, haina habari. Ni toleo la 3.14 ndilo lililoanza kuyafikisha kwenye mfumo. Sisi bado tuko 3.10, na mwisho wa mwezi bosi hataki seva iguswe.

Nikaingia kwa mlango wa nyuma: ctypes, inayoiwezesha Python kuita maktaba za C, kisha `libc.prctl(15, b"tuma-risiti", 0, 0, 0)`. Hiyo 15 ndiyo PR_SET_NAME, amri ya kubadili jina. Kosa langu, niliiweka pale ninapozianzisha thredi, na prctl humbatiza yule anayeiita. Thredi kuu ndiyo ikawa tuma-risiti. Tuna skripti ya ulinzi ambayo kila dakika hufanya `pgrep python3`, kutafuta programu yenye jina hilo. Ikakosa jina, ikadhani programu imekufa, ikawasha nyingine. Dakika iliyofuata, nyingine tena. Nikiwa nakunywa chai mwenzangu akaniita, "Kaka, mbona wateja wanapata risiti tatu tatu?"

Nikazima zote, nikauhamishia ule mstari ndani ya kazi ya kila thredi, uwe wa kwanza kabisa. `top` ikafunguka: mpokeaji-malipo, mpokeaji-malipo, mpokeaji-malipo, mpokeaji-malipo. Wanne, pacha watupu! Kerneli hutenga baiti 16 kwa jina (herufi ya kawaida ni baiti moja), moja ni ya alama ya kufungia, zinabaki 15. Hesabu mpokeaji-malipo kwa vidole: 15 barabara. Namba zangu, -1 hadi -4, zilikuwa mkiani, na prctl hukata mkia kimyakimya. Angalau `pthread_setname_np`, njia nyingine ya kuipa thredi jina, hukataa jina refu na kukurudishia kosa la ERANGE. Mimi nampenda zaidi huyo mkali. Kiswahili chetu hakiendi na baiti 15, basi siku hizi naanza na namba: 1-malipo, 2-malipo.

Kwenye `htop`, ndugu yake `top`, ilibidi pia nibonyeze F2 na kuweka alama kwenye chaguo la kuonyesha majina ya thredi, maana ilikuwa ikinionyesha amri nzima ya kuwashia programu. Ukiwa na haraka, `cat /proc/NAMBA/task/*/comm` inatosha, pale kwenye NAMBA uweke namba ya mchakato (PID) ya programu yako.

Jumanne jioni seva ikalemewa tena. Mstari wa juu kabisa: 98, safisha-logi. Hiyo niliiandika mwenyewe mwaka jana nikaisahau. Ilikuwa inazunguka tu, faili halipo, inauliza tena na tena bila kupumzika hata nusu sekunde. Nikaongeza `time.sleep(30)`, nikashuka kutafuta matatu.