Nilivyochagua karatasi ya kisanduku cha taa na filamu ya negativu

Kazi zilikuwa mbili: picha za vyakula za kuwekwa kwenye kisanduku cha taa cha mkahawa mmoja Ngara, Nairobi, na negativu (filamu za plastiki zenye picha ambayo giza na mwanga vimegeuzwa) za kuchapia picha zangu za bluu kwa mbinu ya saianotaipu, aliyoibuni mwanasayansi Mwingereza John Herschel mwaka 1842. Negativu hulazwa juu ya karatasi iliyopakwa dawa na kuanikwa juani: panapofikiwa na mwanga huwa bluu, panapozuiwa hubaki peupe. Zote mbili zinategemea mwanga unaopenya, nami nilitamani pakiti moja ya kumaliza yote. Haipo.

Dukani River Road nilianza kwa kuiweka kando karatasi ya picha ya kawaida. Ukutani inapendeza, lakini nyingi zina tabaka la plastiki lililotiwa weupe makusudi ili mwanga usipite. Niliomba nimulike moja kwa tochi ya simu: mabaka ya nyuzi za karatasi, na jina la kampuni lililochapwa mgongoni likajitokeza kinyume. Hebu liwaze hilo katikati ya sahani ya pilau!

Filamu ya kisanduku cha taa ni nyeupe kama maziwa, na weupe huo ndio unaosambaza mwanga hadi vijitaa vya LED visionekane. Picha inayong'ara mezani hupauka ikimulikwa kwa nyuma, maana mwanga hupita kwenye wino mara moja tu, hauendi na kurudi. Basi nikaongeza wino kwenye mipangilio ya printa, nikachapa vipande vidogo na kuvipima juu ya kisanduku chenyewe.

Kwa negativu, weupe huohuo ni balaa: hutawanya mwanga, kingo za picha zikalegea. Nikataka filamu angavu. Muuzaji alinitolea moja, kisha akairudisha mwenyewe: "Bosi, hii ni ya leza. Wino wa printa yako utateleza tu." Filamu ya printa ya wino ina utando upande mmoja, na ukiugusa kwa kidole chenye unyevu unanata kidogo. Nilielekezwa kwa wanaowauzia wachapaji wa fulana, nao walikuwa nayo.

Hapo macho hayatoshi. Saianotaipu huitikia miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, na wino unaoonekana mweusi tii unaweza kuipitisha, ilhali njano hafifu inaizuia. Nilichapa ngazi ya rangi, kutoka hafifu hadi nzito, nikaianika juu ya karatasi yenye dawa kwenye paa la ghorofa yetu. Kwa printa yangu, nyeusi iliyochanganywa na njano ndiyo iliyoacha weupe safi baada ya kuosha. Picha huigeuza kama kwenye kioo kabla ya kuchapa, ili upande wa wino ulale juu ya dawa.

Nairobi iko karibu na ikweta, mita 1,700 hivi juu ya bahari, na jua la Februari hufanya kazi haraka. Julai yenye mawingu saa haina maana. Natazama tu kingo zisizofunikwa, na zikitoka kwenye kijani-njano hadi kijivu cha shaba, napeleka karatasi majini.