Tunawanyang'anya mdomo alafu tunauliza mbona hawaongei

Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka kuna watu lazima waandike kwamba watoto wa shule za kata ni vilaza, kizazi hiki hakipendi kusoma, simu zimewaharibu, na mimi miaka yote huwa nasoma tu napita. Safari hii sinyamazi. Nafundisha baiolojia shule ya kata mkoani Singida, watoto ninaowapokea Januari nawajua, wengi wana akili zao nzuri kabisa na wanafika na hamu ya kusoma mpaka raha, alafu ikifika Pasaka darasa limeshapoa. Na kinacholipoza nakiona kwa macho yangu, ni kufundishwa kwa Kiingereza wasichokielewa.

Mtoto kasoma miaka saba kwa Kiswahili, hisabati Kiswahili, sayansi Kiswahili, maarifa ya jamii Kiswahili. Kiingereza alikutana nacho kama somo moja kwenye ratiba, na mara nyingi mwalimu aliyemfundisha naye alisomea ualimu wa Daraja A, yani cheti cha kufundisha shule ya msingi, kwa Kiswahili, sasa utamlaumu nani hapo. Kafaulu, kachaguliwa, mzazi kauza kuku na alizeti kapata sare na madaftari, mtoto anafika sekondari anakuta kila kitu kimegeuka Kiingereza. Tunawapa wiki chache za kozi ya utangulizi ya Kiingereza, zikiisha tunaingia kwenye mada kama vile hakuna kilichotokea.

Waliosoma baiolojia form one hapa Tanzania wanajua mada ya first aid iko mwanzoni kabisa. "First aid is the immediate help given to a sick or injured person before being taken to hospital." Nani hajaikremu hiyo. Darasa zima linaiimba vizuri sana, ukiuliza tumeelewana wanajibu yeees kwa pamoja. Na notisi wanazo, mtu akitokwa na damu puani mkalishe, ainame mbele, abanwe pua sehemu laini, apumue kwa mdomo, yote yameandikwa humo kwa Kiingereza na kwa mwandiko mzuri.

Sasa asubuhi moja tuko mstarini, jua kali, binti mmoja wa kidato cha kwanza akaanza kutokwa damu puani. Wenzake wakamzunguka, mmoja akamshika kichwa akakirudisha nyuma, mwingine akamwagia maji ya kopo utosini, binti anakohoa damu inamshukia kooni. Na yule aliyemshika kichwa ndo alikuwa ameongoza kwenye jaribio la mada hiyohiyo wiki iliyokuwa imepita. Sentensi yote alikuwa nayo kichwani, neno kwa neno, ila mikono yake ilifanya kile alichokiona nyumbani tangu mdogo, kwa sababu hicho ndicho alichokuwa anakielewa.

Siku hiyohiyo kipindi cha mwisho nikairudia mada kwa Kiswahili mwanzo mwisho, nikamwita mmoja mbele tukafanya kwa vitendo. Yani maswali yalivyoanza kumiminika! Ticha damu ikiingia tumboni inakuwaje, ticha bibi huwa anatuwekea majani puani je ni sawa, ticha mtu akitokwa na damu kila siku ni ugonjwa gani. Mvulana mmoja ambaye tangu Januari sikuwahi kusikia sauti yake alisimama akauliza aliyeumwa na nyoka anafungwa kamba au hafungwi, maana kwao wanafunga na kuchanja kwa wembe. Nikamwambia hafungwi wala hachanjwi, atulizwe, mguu usichezeshwe, awahishwe hospitali, na akabisha! Alibisha kwa hoja, kwamba kamba inazuia sumu isipande, ikabidi tujadili kwa nini kubana damu kunaweza kuua mguu wenyewe, na nusu ya darasa wakaingia kwenye ubishi. Huko kubishana na mwalimu kwa hoja ndo kujifunza kwenyewe, na kwa Kiingereza walichonacho mwezi wa tatu hakuwezekani kabisa.

Kusahihisha ndo kunaniumiza zaidi. Unakutana na mtoto kaulizwa kwa nini mgonjwa wa kuhara anapewa maji yenye chumvi na sukari, yeye kaandika kwa Kiswahili, tena vizuri, kwamba mwili umepoteza maji na madini kwa hiyo vinarudishwa. Jibu ni sahihi. Kwa utaratibu tulionao hapati kitu, maana mtihani ni wa Kiingereza. Jirani yake kanakili sentensi ya swali lenyewe kaipindua kidogo, ina harufu ya Kiingereza, kaokota maksi moja. Mwisho wa mwaka tunapanga watoto kwa maksi hizo tunasema huyu anaweza sayansi huyu hawezi.

Alafu kuna hili la mbao na majina. Shule nyingi nilizopita zina kibao kinachosema speak English only, na monita ana karatasi ya kuandika majina ya walioongea Kiswahili, karatasi inapelekwa ofisini, kinachofuata mnakijua. Mtoto anaadhibiwa kwa kuongea lugha ya taifa lake ndani ya nchi yake. Nilikuwa na binti darasani, shule ya msingi alikuwa kiranja mkuu, kwenye sherehe za kumaliza la saba ndiye aliyesoma risala mbele ya mgeni rasmi, mama yake ana picha ameibandika ukutani sebuleni. Kwangu alikuwa anakaa dawati la nyuma na akiulizwa anaangalia chini. Siku moja akaniambia, "Madam, mimi nilikuwa najua vitu, sijui nimekuwaje." Kaamini kwamba akili yake imepungua. Mtoto wa miaka 14.

Na haya mambo serikali ilishayajua zamani. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia 1985, serikali ikakataa. TUKI, ile Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakatoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, kwa hiyo ile hoja ya kwamba istilahi hazipo mimi huwa siielewi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ikaandika kabisa kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia ngazi zote, sekondari haikutekelezwa. Mwaka 2021 sheria ikabadilishwa Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, jaji anaweza kuandika hukumu ya kesi ya mauaji kwa Kiswahili, lakini mtoto wa form one Singida hawezi kujibu kwa Kiswahili swali la kuhara.

Kitu kinachonishangaza zaidi ni kwamba dawa nusu yake tunayo tayari. Mtihani wa darasa la saba NECTA, yani Baraza la Mitihani, wanautunga kwa lugha mbili, wa shule za Kiswahili wanafanya kwa Kiswahili na wale wa inglishi midiamu wanafanya maswali yaleyale kwa Kiingereza, na hakuna anayesema wa Kiswahili wamefanya mtihani mwepesi. Miaka minne baadaye mtoto yuleyule anaambiwa haiwezekani. Kwa nini karatasi ya baiolojia ya kidato cha nne isiwe na swali kwa lugha zote mbili, na mtoto ajibu kwa ile anayoiweza?

Najua wazazi watasemaje, wananiambia kila kikao. Mama mmoja aliniuliza, mwalimu wewe Kiingereza unakijua, wangu unataka asikijue? Swali la haki kabisa, na sitaki mtoto wa yeyote akikose. Nataka afundishwe Kiingereza na mwalimu anayekijua, kwa vitabu, vipindi vya kutosha kila wiki, aongee bila kuogopa fimbo. Ila kumfundisha usanisinuru kwa lugha asiyoielewa hakumpi Kiingereza, kunamnyima vyote viwili, na wanaomaliza kidato cha nne bila kuweza kujaza fomu ya kazi kwa Kiingereza tunaishi nao hapa mtaani. (Na ndio, huku kwetu kuna watoto wanaotoka nyumba za Kinyiramba na Kinyaturu tupu, Kiswahili chenyewe wamekipata shuleni. Nao wanastahili kusikilizwa, hilo nitaliandikia siku yake.)

Kwa walimu wenzangu wa sayansi ambao mko darasani wakati sera inasubiriwa: mimi mada nafundisha kwanza kwa Kiswahili mpaka maswali yaishe, alafu tunaijenga upya kwa Kiingereza, maneno machache kwa siku, na jaribio la wiki naruhusu maelezo kwa lugha yoyote, Kiingereza nakidai kwenye yale maneno tu tuliyoyajenga. Inakula muda, mtaala unanikimbiza, mkaguzi akija anauliza. Ile kamusi ya TUKI kama shuleni kwenu ipo kabatini imejaa vumbi itoeni, na mwenye nakala ya ziada naomba tuwasiliane, yetu kurasa za herufi M zimenyofoka.