Kiti, Meza na Mahari: Kumfuata Molière kwa Miguu jijini Paris

Nilianzia mahali pasipo na cha kutazama: pembe ya barabara za Saint-Honoré na Valois. Wageni hupita hapo bila kugeuza shingo, wakikimbilia jumba la Comédie-Française ng'ambo ya pili ya Palais-Royal, wakiamini ndiko Molière, mwandishi na mwigizaji wa tamthilia wa Kifaransa wa karne ya 17, alikozidiwa jukwaani. Siko. Comédie-Française, kampuni ya waigizaji, iliundwa 1680, miaka saba baada ya kifo chake, na jumba hilo, yaani ukumbi wa Richelieu, ikalihamia 1799. Ukumbi wake mwenyewe ulikuwa hapa penye pembe, nao uliteketea kwa moto 1763.

Hapa ndipo, tarehe 17 Februari 1673, alipocheza kwa mara ya nne mgonjwa wa kujidhania katika Le Malade imaginaire, huku kifua chake kikiwa kibovu kweli. Tamthilia inafunguka Argan, mgonjwa huyo, akiwa peke yake, anajumlisha bili za muuza dawa: mwezi huu haluli 8 na mabomba ya tumbo 12, mwezi uliopita haluli 12 na mabomba 20. Basi si ajabu, asema, kwamba mwezi huu hajisikii vizuri kama ule! Mwigizaji mchanga huikimbiza hesabu ili aufikie mzaha, na hapo ndipo anapoharibu. Kila kete ya kuhesabia iguse meza kwa zamu yake, watazamaji wahesabu naye, waanze kuchoka kidogo. Kicheko kinatoka kwenye uchovu ule.

Kiti alichokalia siku hiyo kimehifadhiwa ndani ya kioo huko Comédie-Française: kiti cha mikono, cha ngozi, kimechakaa haswa. Kinachopandishwa jukwaani siku hizi ni nakala.

Kuhusu tiketi, ukumbi wa Richelieu una umbo la kwato ya farasi. Viti vya ubavuni ni vya bei rahisi, lakini hukata kipande cha jukwaa, na kwa Molière kipande kinachokatwa huenda ndicho chenye samani. Chukua Tartuffe, sehemu ya nne. Elmire anamficha mumewe, Orgon, chini ya meza ili asikie kwa masikio yake jinsi Tartuffe, mnafiki anayemdhania mcha Mungu, anavyomtongoza mkewe. Kitambaa cha meza lazima kifike sakafuni. Mguu wa Orgon ukionekana, Tartuffe anageuka mjinga, na mnafiki mjinga hamtishi mtu. Elmire anakohoa kumwashiria mumewe atoke. Hatoki. Anakohoa tena. Tartuffe, kwa huruma zote, anampa kipande cha urukususu cha kutuliza kifua. Ukikaa pasipoiona meza, umelipia kusikiliza kikohozi. Ni afadhali juu kabisa, mkabala na jukwaa, kuliko chini ubavuni.

L'Avare, yaani Bahili, inamtaka msomaji wetu ageuze kichwa kidogo. Harpagon, bahili mwenyewe, anamwoza binti yake kwa mzee kwa kuwa mzee huyo anamchukua "bila mahari". Kule mali ilitoka kwa baba wa bibi harusi, si kwa bwana harusi. Ukilisahau hilo utashangaa bahili anafurahia nini. Kila hoja anayoletewa, umri au mapenzi, anaizima kwa maneno yaleyale, bila mahari, na kila yanaporudi yanachekesha zaidi.

Kutoka pembe ile hadi namba 40, barabara ya Richelieu, ni dakika chache tu kwa miguu. Nyumba aliyofia, usiku uleule, haipo tena. Lililobaki ni bamba ukutani. Waigizaji walitengwa na Kanisa, na paroko wa Saint-Eustache, kanisa alikobatizwa tarehe 15 Januari 1622, akakataa kumzika. Mjane wake Armande alikwenda kumlilia mfalme. Ruhusa ikatoka: azikwe usiku, bila shamrashamra. Akazikwa tarehe 21.

Ng'ambo ya barabara kuna chemchemi ya 1844. Sogea karibu. Chini ya sanamu ya Molière wamesimama wanawake wawili wa marumaru, kila mmoja ameshika hati ndefu yenye orodha ya tamthilia zake, ikiwemo Le Bourgeois gentilhomme, ile iliyowafikia wasomaji wa Kiswahili kwa jina la Mchuuzi Mwungwana.

Kwa kaburi, lililoko kwenye makaburi ya Père Lachaise, nilipanda metro namba 3 kutoka Quatre-Septembre nikashukia Gambetta, si kituo cha Père Lachaise, ili niteremke mlima badala ya kuupanda. Tafuta kitalu cha 25. Analala jirani na La Fontaine, mtunzi wa hekaya, wote wawili wakiwa wamehamishiwa hapo 1817, ingawa wanahistoria wanatilia shaka kama mifupa ni yao. Uzio wa chuma umeyazunguka makaburi yote mawili, kwa hiyo picha hupigwa kwa kupenyeza kamera kati ya nondo.