Mwezi wa tatu na Mussorgsky: Promenade imekubali, ng'ombe bado

Jana usiku nimepiga kwenye kinanda Promenade, kipande cha kwanza cha Pictures at an Exhibition ya Mussorgsky, mtunzi wa Urusi, mwanzo mpaka mwisho bila kusimama, mara ya kwanza tangu nianze, na ukiisikia unaweza kusema mbona kitu chenyewe kifupi hivyo, lakini kimenitoa jasho jamani. Shida haikuwa vidole, ilikuwa kuhesabu. Bari (kile kifungu kidogo cha mapigo) la kwanza mapigo matano, la pili sita, la tatu matano tena, na mguu wangu ushazoea nne nne basi nadondoka kila saa. Metronomu, ile mashine ya kugonga mapigo, niliizima kwa hasira.

Kilichonisaidia ni kusoma habari za mtunzi mwenyewe. Mussorgsky alikuwa na rafiki yake Viktor Hartmann, msanifu majengo na mchoraji, akafa ghafla 1873 ana miaka 39 tu. Mwaka uliofuata Stasov, mkosoaji aliyewajua wote wawili, akaandaa maonyesho ya kazi za marehemu kule St. Petersburg, Mussorgsky akaenda kuangalia, na mwezi wa sita akaandika muziki wote ndani ya wiki tatu hivi. Picha kumi, na Promenade ndo yeye mwenyewe anatembea toka picha hii kwenda ile. Ujanani alikuwa afisa wa jeshi, sawa, ila sasa ni mtu mnene kafiwa na rafiki, huyo hatembei kwa mwendo wa gwaride! Nikaacha kuhesabu nikaanza kuimba: nota za mwanzo ziko peke yake kama mtu anaanzisha wimbo, halafu kodi (sio za nyumba, ni nota kadhaa zinazopigwa pamoja) zinaitikia kama kwaya. Pumzi ikiisha na bari limeisha.

Nimeprinti na ile picha Mussorgsky aliyochorwa na mchoraji Repin hospitalini Machi 1881, siku chache kabla hajafa, nywele timutimu na pua nyekundu, nimeibandika juu ya kinanda. Mama kapita kauliza huyu mlevi ni nani. Hajakosea sana, pombe ndo ilimmaliza, miaka 42.

Sasa niko kwenye Bydło, moja ya zile picha kumi, mkokoteni wa ng'ombe wa Kipoland, na hapa nimepoteza wiki nzima bure. Kopi ya nota niliyopakua inaanza kimyakimya halafu sauti inapanda, kama mkokoteni unatokea mbali, nikafanya hivyo hivyo, kumbe hiyo ni mikono ya Rimsky-Korsakov, mtunzi mwenzake, aliyeihariri ikachapishwa 1886, Mussorgsky keshakufa. Mussorgsky aliandika kwa nguvu toka nota ya kwanza, yaani ng'ombe wako mlangoni kwako tayari. Hata Ravel, mtunzi wa Kifaransa, alipoipangia okestra 1922 alianza na ule ukimya. Mimi nafuata ya mwenye mali, majirani watanisamehe.

Tatizo kinanda changu kina funguo 61, hakifiki chini kote anakotaka, nimepandisha oktava moja na sasa wanasikika kama mbuzi. Jumamosi naenda kuomba kanisani wanipe piano yao hata saa moja.