Nilivyojifunza ERP nikitokea stoo: fuata LPO moja mpaka mwisho

Tangazo la kazi ya uhasibu, ununuzi au stoo hapa Dar es Salaam siku hizi mara nyingi huwa na sharti la "uzoefu wa mfumo wa ERP", yaani programu moja inayounganisha stoo, ununuzi, mauzo na uhasibu. Wengi wakilisoma wanakimbilia kutafuta cheti cha SAP, mfumo wa ERP wa kampuni kubwa. Mimi nilichukua mzunguko mmoja tu, ule wa kununua mpaka kulipa, nikaufanyia mazoezi kwenye mfumo wa bure hadi nikaweza kueleza kila shilingi imeingia leja (daftari la hesabu) gani na kwa nini. Mzunguko huo ndio ulionitoa stoo ukanipeleka kwenye malipo ya masapulaya, na baadaye kwenye timu ya mfumo.

Nilichagua ERPNext kwa sababu ni ya bure na uhasibu wake umo wote. Toleo la bure la Odoo ni zuri kwa stoo na mauzo, ila uhasibu kamili uko kwenye toleo la kulipia. Tally, ambayo utaikuta kwenye maduka mengi ya jumla, ina hali ya kujifunzia isiyolipiwa, lakini inakubali kuingiza miamala ya tarehe 1, 2 na 31 tu. Asiyejua hilo hudhani programu imeharibika. MUSE, mfumo wa ulipaji wa serikali, huwezi kuifanyia mazoezi nyumbani, utaikuta kazini.

Kompyuta yenye RAM ya GB 8 inatosha. Sakinisha Docker (programu ya kuendeshea mifumo kwenye kompyuta yako), pakua faili za frappe_docker za kuwashia ERPNext, kisha ndani ya folda yake andika docker compose -f pwd.yml up -d. Subiri dakika kadhaa, kwa sababu mfumo unaunda tovuti yake, na ukifungua mapema utaletewa kosa. Halafu fungua localhost:8080 kwenye kivinjari, jina Administrator, nywila admin. Ukishapakua, bando halihitajiki tena.

Sasa zoezi lenyewe. Tuseme unanunua sabuni ya maji, katoni 100 za chupa 24, kila katoni shilingi 60,000. LPO (hati ya kuagiza mzigo kwa sapulaya) inasoma 6,000,000, VAT ya asilimia 18 ni 1,080,000, jumla 7,080,000. LPO haigusi leja hata kidogo, ni ahadi tu. Mzigo unafika, katoni 4 zimevuja, unapokea 96. Hapo GRN (hati ya kupokea mzigo) inaandika 5,760,000: debiti stoo, krediti akaunti ya mpito ya mizigo iliyopokelewa bila ankara. Ankara ya sapulaya ikija, inadebiti akaunti hiyo ya mpito na VAT, na kukrediti sapulaya. Kama ankara ni ya katoni 96, mpito unarudi sifuri na deni ni 6,796,800. Kama mhasibu amekubali ankara ya katoni 100, mpito unabaki na debiti ya 240,000, ambazo ni zile katoni 4 zilizovuja.

Akaunti hiyo ya mpito ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Salio la debiti maana yake umelipishwa mzigo ambao haujafika. Salio la krediti maana yake mzigo umefika na ankara haijaletwa, au imeingizwa moja kwa moja kwenye gharama bila kuunganishwa na GRN. Mtu anayeweza kuifungua mwisho wa mwezi na kueleza kila mstari ana thamani kuliko anayejua menyu zote kwa kichwa. Na haijalishi mfumo ni upi. Kwenye SAP hatua ni zilezile: ME21N kwa LPO, MIGO ya kupokea kwa aina ya mwendo 101 (102 inatengua upokeaji), MIRO kwa ankara, F110 kwa malipo ya pamoja. Ukielewa mantiki, misimbo hiyo unaishika haraka.

Kuna sehemu inayoumiza kampuni nyingi nayo ni kipimo. Weka kipimo cha stoo kuwa chupa, cha kununulia kuwa katoni, na uwiano 24. Hapo kila chupa inasimama kwa 2,500. Mtu akipokea zile 96 kama chupa huku bei ikiwa ya katoni, kila chupa inaingia kwa 60,000, na ukiiuza 3,000 ripoti inaonyesha hasara ya 57,000 kwa chupa. Mwenye duka atamshuku muuzaji wakati kosa liko kwenye GRN. ERPNext haikuruhusu kubadilisha kipimo cha stoo bidhaa ikishapata miamala, kwa hiyo amua mwanzoni.

Mzigo wa kontena una lake. Nauli ya meli, bima, ushuru wa forodha, gharama za bandari na za wakala zigawanywe juu ya bidhaa, kwa thamani au kwa uzito, kabla hujapanga bei. VAT ya bandarini ambayo utaidai TRA usiiweke humo, inavimbisha gharama. Na kwa manunuzi ya ndani ongeza uga wa namba ya risiti ya EFD (mashine ya kodi) kwenye ankara, maana tarehe 20 ya ritani ya VAT ikifika hakuna muda wa kupekua mafaili.

Kwenye CV usiandike "naijua ERP". Andika: nalinganisha LPO, GRN na ankara, nasafisha akaunti ya mpito, nafunga mwezi. Usaili wa vitendo ukija, kwa kawaida utaulizwa hayo. Vyeti havina ubaya, na SAP na Microsoft zote zina masomo ya bure mtandaoni, ila cheti kisicho na mzunguko mkononi kinachosha kukitetea.

Kampuni ikitaka kuhamia mfumo mpya, omba kuwa kwenye timu ya data. Kazi ni ya kuchosha na ndiyo inayokupa jina. Unafuta bidhaa zilizojirudia ("Saruji 50kg", "Cement 50 KG"). Unazuia Excel isile sifuri za mbele kwenye namba za simu na za bidhaa, kwa kuweka safu hizo kuwa maandishi. Chagua mwisho wa mwezi, simamisha miamala, hesabu stoo kwa mikono. Ankara zisizolipwa ziingize moja moja, kamwe si kwa jumla, la sivyo malipo ya baadaye hayatapata pa kushikia. Kisha linganisha urari (orodha ya salio za akaunti zote) wa zamani na mpya mstari kwa mstari. Akaunti ya muda ya kufungulia lazima isome sifuri. Isiposoma sifuri, anzia kwenye malipo ya awali kwa masapulaya, maana mara nyingi yameingizwa upande usio wake, halafu angalia kama stoo ya zamani ilithaminiwa kwa bei ya kuuzia.